Meneja Aliyekalia Mikono Yake

Habari za shemeji yangu Tabitha nitazisimulia mimi mwenyewe, maana wapo wanaomsema bila kumjua, na uvumilivu wangu kwa watu wa namna hiyo ni mfupi.

Alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa chai, huku milimani upande wa Vuga. Baba yake, Mbena kwa kabila, alikuja Tanga kukata mkonge, joto likamshinda, akapanda mlima akaishia kwenye chai. Mtoto wake alikuwa na mikono isiyotulia. Redio ikikoroma, ataifungua. Baiskeli ya katekista ikigoma, ataipindua magurudumu juu. Serikali ikamsomesha mpaka akawa mhandisi wa mitambo, akarudi kutunza mashine za kiwanda kile kile ambacho mama yake alikuwa akikichumia majani. Mimi, Tobia, ni dereva wa lori linalokusanya majani kwa wakulima, na nimemwoa mdogo wake, Secilia. Kwa hiyo kumtania ni haki yangu, na sijawahi kuiacha ipotee.

Katikati ya miaka ya tisini mashirika ya umma yakaanza kuuzwa, na kiwanda chetu nacho kikaingia kwenye foleni. Watu wakapunguzwa, Tabitha akiwemo. Sote tulitegemea afungue gereji pale Soni. Yeye akabeba kiinua mgongo chake chote, akashuka Dar es Salaam kusomea shahada ya uzamili ya biashara, tena kwenye chuo cha binafsi, vyuo ambavyo wakati ule ndiyo vilikuwa vinaanza kuota kama uyoga. Chake kilikuwa ghorofani, na chini yake duka la matairi.

Kijiweni tulicheka mpaka kahawa ikapoa. "Mhandisi mzima anarudi kukaa dawati," mmoja alisema. "Akirudi atatuuzia matairi," nikaongeza mimi. Secilia alininunia siku nzima.

Huko chuoni alianza vibaya. Mwalimu wao, mzee mmoja mkali aitwaye Mikaeli, aliwatuma kila mmoja akakae sokoni kutwa, kwenye meza ya mfanyabiashara, atazame tu nani ananunua, nani anapita na kwa nini. Tabitha akawekwa kwa muuza sukari. Jioni akarudi darasani akijisifu: mizani ya yule bwana ilikuwa mbovu, na yeye ameitengeneza. Mwalimu akamuuliza wateja walikuwa watu gani. Hakujua. Alikuwa ameinamia mizani kutwa nzima.

Mwalimu akampa sifuri. "Wewe ukiona chuma humuoni mtu," alimwambia. "Rudi kesho, na hiyo mikono yako uikalie."

Alinisimulia mwenyewe kwamba usiku ule alilia. Kesho yake akarudi kwa muuza sukari, akaketi juu ya kigoda na viganja vyake chini ya mapaja, akatazama watu mpaka jua likazama. Hiyo ndiyo shahada yenyewe. Mengine yote, anasema, aliyasoma vitabuni.

Aliporudi Usambara kiwanda kilikuwa na mwenyewe, Abdulaziz, mfanyabiashara wa Tanga mjini. Bwana huyu alikuwa ana hasira, na hasira yake ilikuwa na sababu. Chai yetu ilikuwa inadharauliwa kwenye mnada wa Mombasa. Waonjaji walisema imepooza, haina nguvu wala harufu. Mameneja wawili walikuwa wamekuja na kuondoka. Aliposikia mhandisi wa zamani yupo kijijini, akamwita siku ile ile.

"Dada Tabitha, ovaroli yako bado imening'inia pale stoo," alimwambia. "Nataka unirekebishie mitambo."

"Sikuja kuomba ovaroli, mzee. Nimekuja kuomba umeneja."

Abdulaziz akamtazama kama mtu aliyeagiza chai akaletewa uji. Lakini hakuwa na mtu mwingine. Akamwambia atampa masika hayo tu. Chai ikipanda daraja mnadani, kiti ni chake. Isipopanda, anarudi karakana na habari ya umeneja asiitaje tena. Tabitha akakubali mbele yetu sote. Mimi nilimwonea huruma, nikajua keshajifunga kitanzi.

Wiki ya kwanza tu, mashine ya kusaga majani ikasimama. Kiwanda kizima kikageuka kumtazama, maana ile mashine alikuwa anaijua kuliko anavyojua meno yake. Tabitha akavuta benchi, akaketi, akaingiza mikono chini ya mapaja. "Rajabu ndiye fundi," alisema. "Rajabu, fungua." Rajabu alihangaika, jasho likamtoka, mwisho mashine ikanguruma. Watu wakanong'ona kwamba mama amekuwa bosi, hataki kuchafua kucha. Mimi niliyekuwa karibu niliona alivyokuwa amekunja uso. Ilikuwa inamuuma.

Mashine zote zikawa nzima, na chai ikabaki mbovu. Hapo ndipo alipokuja kwangu.

"Shemeji, kesho nakwenda na wewe kwenye mabanda ya kupimia majani ya wakulima."

"Kesho siku ya gulio, mimi natoka saa nane mchana."

"Basi kesho utatoka alfajiri."

Nilinuna, lakini meneja ni meneja. Tulifika banda la kwanza ukungu haujaondoka bondeni. Banda lilikuwa limejaa magunia ya majani yaliyoshindiliwa, na hapakuwa na mtu hata mmoja. Tabitha akachomeka mkono katikati ya gunia, akautoa haraka.

"Weka na wewe."

Nikaweka. Lilikuwa la moto kama ugali uliopakuliwa. Majani ya ndani yalikuwa yamegeuka mekundu, yameiva kabla ya kuona mashine. Miaka yote nilikuwa nafika mchana, wenyewe wameshayamwaga na kuyachanganya na mengine, nikapakia na kuondoka. Mameneja wale wawili walirekebisha feni za kunyaushia majani, wakashusha moto wa kikaushio, wakapandisha. Yeye mwenyewe zamani alifanya hivyo hivyo.

"Wenye magunia wako wapi?" aliuliza.

"Gulioni, shemeji. Watakuwa wapi tena?"

Tukashuka gulioni. Tulimkuta Mama Zainabu, mkulima ambaye akisema jambo wanawake wa vijiji vinne wanalifuata, amekaa nyuma ya kilima cha kabichi. Tabitha akamwamkia shikamoo, akaketi chini kando yake, mikono chini ya mapaja. Hakuuliza kitu. Alikaa mpaka jua likawa kali, akitazama nani ananunua. Mama Zainabu ndiye aliyechoka kunyamaza.

"Mwanangu, umekuja kutukamata kwa ajili ya yale magunia?"

"Hapana, mama. Nataka kujua tu kwa nini mnachuma na giza."

"Kwa sababu gulio halimngoji mtu. Chai yenu mnalipa mwisho wa mwezi, mkikumbuka. Kabichi inanunua chumvi na mafuta leo hii. Tunachuma usiku usiku, tunashindilia, tunabeba kabichi kichwani kushuka huku, tukipanda tumechoka. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tabitha alicheka, na hakuwa amecheka tangu wiki hiyo ianze. Akanigeukia, nikaona balaa linakuja upande wangu.

Tangu gulio lililofuata, lori langu la chai lilianza kubeba kabichi. Asubuhi nilipita kijiji kwa kijiji, nikawapakia akina mama na mizigo yao, nikawashusha gulioni. Walikuwa wameshamaliza kuuza kabla ya adhuhuri. Nikawarudisha, nikaliosha lori kwa maji ya mto huku nikilaani shahada zote za duniani, nao wakaingia shambani mchana na kuchuma. Walichumia kwenye vikapu vilivyo wazi, hakuna kushindilia, na jioni nikabeba majani mabichi yanayonukia. Mama Zainabu alisema neno moja tu, na hakuna aliyerudia gunia.

Habari za kabichi zikashuka Tanga. Abdulaziz akapanda mlima amefura.

"Nilikupa lori la chai!"

"Na chai ndiyo linayoleta, mzee. Ila kabichi inatangulia." Akampeleka juu kwenye vitanda vya kunyaushia. "Weka mkono."

Abdulaziz akaweka mkono kwenye majani, akauacha humo. Kisha akainama akanusa. Akaondoka, na sisi tukakaa roho juu kusubiri mnada.

Jibu lilikuja kwa simu ya ofisini. Tabitha aliipokea amesimama, akasikiliza, akasema ahsante, akaiweka chini taratibu. Halafu akatoka uani, akaketi juu ya benchi lile lile, na safari hii mikono yake alijifunikia uso. Chai yetu ilikuwa imepanda madaraja mawili. Rajabu akapuliza king'ora cha kiwanda ingawa haikuwa saa yake, na akina mama mashambani wakajibu kwa vigelegele, kilima hadi kilima. Nami nililia, sioni haya kusema.

Watu wa kijiweni siku hizi huniuliza kama mhandisi akilipia shahada ya ghorofani inamsaidia. Nawajibu kwamba sijui habari za wahandisi wengine. Namjua mmoja aliyelipa ili afundishwe kukaa chini.

Masika yalipokwisha Abdulaziz alirudi. Alikuwa ana kiwanda kingine, upande wa Zirai, nacho chai yake ilikuwa imepooza. Alikaa mbele ya meza ya meneja kwa adabu.

"Dada Tabitha, nakuomba ukanitazamie zile mashine. Zina kasoro gani?"

Tabitha akachukua mkoba wake, akanipungia nikawashe gari.

"Kule Zirai," alimuuliza, "gulio lao ni siku gani?"