Uji wa Saruji Uliopotea Mwambani

Nilipopewa kazi ya kusimamia pampu kwenye shimo la majitaka huku Kisauni, nilidhani nimepata kazi nyepesi. Chini, wenzangu walikuwa wakichimba njia ya bomba ipite chini ya barabara. Mwamba wa huku ni wa matumbawe, umejaa nyufa, na kila wakisogea mbele vipande vilidondoka na maji yakachuruzika. Basi tukatoboa matundu, tukawa tunasukuma ndani uji wa saruji, uingie nyufani, ugande, uushikanishe mwamba. Kazi yangu ilikuwa kutazama mshale wa geji, kipimo cha shinikizo la pampu. Ukipanda, ufa umejaa, nazima pampu.

Mshale haukupanda. Tulikoroga, tukasukuma, tukakoroga tena mpaka adhuhuri, nao umelala palepale. Nikamuuliza injinia wetu, "Huko ndani kuna nini?"

Aliinama akaigonga geji kwa ukucha. "Endelea."

Baada ya kitambo akasema tuufanye uji mzito. Kisha akasema tusimame. Nilimtazama usoni nikaona naye hana hakika kunizidi.

Alasiri akaja mama mmoja na ndoo ya maji meupe kama tui. Aliyachota kisimani kwake. "Nyinyi mwatia nini ardhini?" akauliza kwa upole. Kilichonichanganya ni kwamba kisima chake kiko mbali, nyuma ya msikiti. Visima viwili vilivyo karibu nasi tulivichungulia, maji yake safi.

Jioni nilikwenda Utange kwa baba. Maisha yake yote alichimba visima, na kisima cha yule mama alikichimba yeye. Kesho yake asubuhi alikuja nami, goti likimsumbua, akachota maji, akayasugua kwa vidole, akayanusa.

"Maji ya hapa yalikuwa yaja kutoka kule," akasema, akionyesha upande usio wa shimo letu.

"Sasa saruji imefikaje, baba?"

"Sijui, mwanangu."

Kwa habari ya visima sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Nilitamani anilaumu, walau nijue nimekosea wapi.

Injinia aliagiza lori la maji kwa yule mama, nasi tukarudi kazini: uji mzito, kidogo kidogo, tukipumzika ili ugande. Siku ya tatu mshale ukapanda. Walipochimba, mwamba ulisimama imara, na ukutani mishipa ya kijivu ya saruji ilionekana imetambaa ndani ya matumbawe meupe, mingine ikielekea mahali ambapo hatukutoboa kabisa. Wenzangu walifurahi. Mimi niliifuata mishipa ile kwa macho.

Maji ya kisima yalitakata baada ya siku kadhaa. Yule mama alinikuta dukani akaniuliza kama anaweza kuyatumia.

"Fulia, mama. Kunywa, ngoja kwanza."

"Mpaka lini?"

Injinia alikuwa ametuambia kwamba majibu ya vipimo vya maji yale bado. Nikamwambia hivyo hivyo. Aliitikia kwa kichwa, akachukua unga wake akaenda, nami nikabaki mbele ya mwenye duka nimesahau nilichokuja kununua.