Miti ya Baba Nelson

Ukifika upande wa Matema ukamsikia mtoto anasema mamba hamli mtu aliyeokoka, usimcheke. Hakulitoa kichwani mwake. Kafundishwa na Hosiana, na Hosiana si mwongo. Ni mjane anayelima mpunga, ana ndizi na miti michache ya kokoa nyuma ya nyumba, na tangu akiwa msichana anafundisha shule ya Jumapili kwenye kanisa dogo la mabati lililo karibu na mto. Nusu ya watu wazima wa kijiji kile wamepita mikononi mwake. Wengine kawafinya masikio, na mpaka leo wakimwona njiani wanajiweka sawa.

Hadithi aliyowapa wote ni ya Baba Nelson. Huyo alikuwa mmisionari, na usidhani Mzungu. Alitoka upande wa Malawi, akavuka mto Songwe na Biblia yake na sufuria moja, akaishi nao mpaka akafa na kuzikwa hapo hapo. Alibatiza watu mtoni, pale maji yanapopanuka na kupunguza mwendo kabla ya kuingia ziwani. Mamba walikuwepo, wala halikuwa jambo la kubishana. Lakini miaka yote ya Baba Nelson hakuna muumini aliyeguswa hata ukucha. Hosiana akifika hapo hushusha sauti. "Baba Nelson aliingia majini akasali," husema, "na mamba wakageuka wakaenda zao."

Ni kweli tupu, ila kuna kipande amekikata, nacho ni miti. Kabla ya kila ubatizo Baba Nelson alivua koti, akashika panga, akaingia porini na wanaume wa kanisa, mzee Sedekia baba yake Hosiana akiwa mmoja wao. Walikata miti wakaichomeka kwenye tope, mmoja ubavuni mwa mwenzake, mpaka sehemu ya kubatizia ikazungushiwa uzio. Kisha wakayapiga maji kwa fito. Baada ya hapo ndipo mtu wa Mungu aliposali. Hosiana aliyaona kwa macho yake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiwapelekea ndizi za kuchemsha. Mwaka mmoja mvua iling'oa uzio wote na Baba Nelson akaahirisha ubatizo, wakati wageni wa mbali wamekwisha kufika na nguo zao nyeupe. Walimcheka. Walimwambia anamhubiri Danieli kwenye tundu la simba huku mwenyewe anaogopa kenge. Akacheka pamoja nao, akarudi porini kukata miti.

Sasa kwa nini Hosiana hakusimulia hayo? Watoto, jamani. Waeleze habari za kukata miti uone wanavyopiga miayo. Waambie mamba waligeuka wakaenda zao, wananyamaza kama maji mtungini. Yeye hakutia chumvi, alipunguza tu, na hakuona kama ni neno. Mwaka huu likawa neno.

Mwinjilisti wao siku hizi ni Tumaini. Kijana huyu alikulia katika darasa la Hosiana, akaenda chuo cha Biblia, akarudi nyumbani. Msimchukie mapema. Ana bidii, hana makuu, na wagonjwa wa kijiji anawabeba kwa pikipiki yake mwenyewe hata mvua ikinyesha. Kwa miaka mingi kanisa limekuwa likibatiza ufukweni, kwenye mchanga, maji meupe unaona mpaka vidole vya miguu. Lakini nyumba za wageni zimeongezeka hapo, na Pasaka iliyopita watalii walisogea na simu zao wakawapiga picha akina dada wakitoka majini, nguo zimewaganda mwilini. Tumaini aliumia mno. Kwaresima hii akasimama madhabahuni akasema inatosha, Pasaka tunarudi mtoni, mahali pa Baba Nelson. Kanisa zima likapiga vigelegele. Hosiana naye alipiga makofi kabla hajafikiri, halafu mikono akaishusha. Kati ya watakaobatizwa alikuwemo mjukuu wake Doreen, anayemlea tangu mama yake alipohamia Kasumulu kufanya biashara.

Mvua za huku Kyela mnazijua. Mto ulijaa, ukageuka rangi ya chai ya maziwa, na matete ya upande wa pili yakaota mpaka yakaingia majini. Wanawake waliokuwa wakifua pale wakaanza kufulia juu zaidi, kwenye mawe. Ukiwauliza sababu, kila mmoja anasema aliwaona wenzake wanakwenda huko. Mbuzi aliyefungwa ukingoni ikakutwa kamba yake tu, na mwenye mbuzi akasema ni wezi. Hosiana aliiona ile kamba. Haikuwa imefunguliwa wala haikukatwa kwa kisu.

Alimfuata Lugano, shemeji yake, mvuvi asiyekanyaga kanisani ila kwenye misiba. Alimkuta anashona nyavu.

"Shemeji, pale mtoni kukoje?"

"Mimi na mtumbwi mdogo sipiti tena pale," alisema Lugano, bila kuinua macho. "Wavuvi wote hatupiti. Kwani hamjui?"

Basi akaenda kwa Tumaini. Kijana alitoka nje kumpokea, akamfutia kiti, akamwamkia kwa lugha ya nyumbani.

"Mugonile, Bibi."

"Ndaga, mwanangu." Akakaa. Hakutaka kuzunguka. "Tumaini, Baba Nelson alikuwa anaweka uzio."

"Uzio gani?"

Akamweleza yote: miti, fito, panga, ile Pasaka ya kuahirisha. Tumaini alisikiliza vizuri, mikono magotini, kama alivyokuwa akisikiliza utotoni.

"Bibi, miaka yote ile hukututajia uzio hata mara moja."

"Sikutaja. Ninautaja leo."

"Leo kwa sababu Doreen ni wako?"

Lilimchoma, tena lilimchoma kwa kuwa ndani yake mlikuwa na ukweli.

"Kateni miti," alisema. "Wanaume wapo, mapanga yapo."

"Watu wamefunga na kuomba, Bibi. Nikisimama kuwaambia wakajenge uzio, wataelewa nini? Kwamba tunayemwomba hatumwamini?"

"Basi ahirisha, maji yapungue."

"Watasema mwinjilisti kaogopa."

"Na waseme. Baba Nelson alisemwa, na hakufa kwa kusemwa."

Tumaini akatabasamu, tabasamu la mtu aliyechoka. "Hilo nalo hukutufundisha." Kisha akasimama, akamwekea mkono kichwani, akaanza kuomba Mungu amwondolee mama huyu roho ya woga. Hosiana aliinamisha kichwa kwa heshima ya maombi, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa unawasha. Tumaini angekuwa bado mdogo, sikio lake lingejua.

Nyumbani alimjaribu Doreen. Akamwambia asubiri mwakani. Binti alikuwa anapiga pasi gauni lake jeupe, akaiweka pasi chini.

"Niwaambie nini wenzangu, Bibi? Kwamba wewe unafundisha imani ya watoto wa watu, ya kwako hakuna?"

Hosiana angeweza kumkataza, ni mlezi wake, na neno lake nyumbani ni neno. Lakini angemkataza peke yake, na wale wengine je? Wote aliwafundisha yeye. Usingizi ulimpaa kila mvua ilipopiga kwenye bati. Aliomba sana. Ila kila akiomba anamwona Baba Nelson na panga mkononi, jasho linamtiririka, anamwambia baba yake asogeze mti ule ubanane na mwingine.

Jumamosi akarudi kwa Lugano kuazima upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Lugano alimtazama usoni kwa muda, akaelewa, akautoa ulio mgumu kuliko yote.

"Usimpige yeye, piga maji," alimwambia. "Akizama, ujue anakuja, wala hajaondoka. Tazama mapovu. Na usimpe mgongo, shemeji, hata akuite nani."

Pasaka ilikucha bila mvua, na watu wakasema hiyo ni ishara. Baada ya ibada wakateremka mtoni na ngoma, kwaya mbele, wabatizwa nyuma yao kwa weupe. Maji yalikuwa mazito, yanapita bila sauti. Tumaini aliingia mpaka kiunoni akainua mikono. Hosiana akavua viatu, akaingia na upondo wake, akampita Tumaini, akaenda kusimama upande wa kina, uso kwenye matete. Ukingoni mtu mmoja alicheka. Mwingine akasema mwacheni, Bibi anatuombea. Tumaini alimtazama mara moja, akageuka, akaita jina la kwanza.

Akawa anayasikia majina mgongoni. Kila jina anamjua mwenyewe, anajua aliyekuwa mtundu na aliyekuwa analia akikosa zamu ya kusoma. Sauti ya Tumaini, kisha kishindo cha maji, kisha kwaya. Yeye anatazama mbele. Tope lilikuwa linammeza miguu taratibu, na kila alipoung'oa mguu mmoja alihisi mwingine unazama zaidi.

Kisha akaliona gogo. Lilikuwa karibu na matete, jeusi, na maji yalikuwa yanalipita pande zote mbili yakielekea ziwani. Magogo yote mtoni huenda na maji. Hili halikwenda.

Akapiga maji kwa upondo. Gogo halikutikisika. Akapiga tena, kwa nguvu zote, na watu ukingoni wakadhani ni furaha, wakapiga makofi pamoja naye. Lile gogo likazama polepole bila kuacha hata kiwimbi.

Nyuma yake Tumaini akanyamaza. Hosiana alisubiri jina linalofuata, likachelewa. Kwaya ikarudia kibwagizo. Kikarudiwa tena. Kisha akasikia, "Doreen."

Doreen alikuwa wa mwisho, kwa kuwa ndiye mdogo wa wote. Aliwaza kugeuka. Mtoto huyu alimbeba mgongoni, akamfundisha kusali akiwa hajui hata kufunga viatu, na siku hii alikuwa ameingoja kuliko siku yake mwenyewe ya ndoa. Ilikuwa nyuma yake, hatua chache tu. Hakugeuka. Mapovu yalikuwa yametokea, mstari mwembamba, yanakuja yakipinda kwa upande wa kushoto kama yanayotaka kumzunguka. Akaushindilia upondo mbele ya mapovu, akautikisa, akapiga, akapiga tena mpaka mabega yakamuuma. Nyuma yake Doreen akazamishwa. Ukimya ule wa mtu kuwa chini ya maji ulikuwa mrefu hata akataka kupiga yowe. Halafu binti akaibuka, akakohoa, akacheka.

"Watoe watu," Hosiana alisema bila kugeuza kichwa. "Watoe sasa hivi."

Tumaini hakuuliza kwa nini. Aliwatoa. Hosiana alirudi kinyumenyume, upondo mbele, mpaka visigino vyake vikagusa nyasi, na hapo ndipo alipogeuka kumwona mjukuu wake, ameshavikwa khanga, meno yanagongana kwa baridi, uso umejaa nuru.

Ukingo mzima ulikuwa unaimba. Mzee mmoja wa kanisa akapanda kwenye kichuguu akasema mmeona wenyewe, Mungu wa Baba Nelson ni yule yule, na mwakani tuwaalike wenzetu wa Njisi na Kasumulu waje kubatizwa hapa hapa. Vigelegele. Tumaini alikuwa amesimama pembeni, anafuta uso kwa kitambaa ambacho nacho kilikuwa kimelowa. Hakusema amina.

Hosiana akaona kwamba akinyamaza dakika hiyo, atakuwa amenyamaza moja kwa moja. Akapiga upondo chini.

"Mamba alikuwepo," alisema. "Alikuwa anakuja. Baba Nelson alikuwa anazungushia uzio hapa, baba yangu alikata miti yake, na mimi sikuwaambia. Atakayeleta mtoto wa mtu hapa mwakani bila uzio, namshitaki kwa Mungu."

Ngoma ikakoma. Watu wakamtazama kama mtu aliyemwaga chakula cha harusi. Mama mmoja akasema kwa upole, "Bibi, usituharibie siku." Mwingine, aliyekuwa mbali na asiye na upole, akasema uzee huo. Hata Doreen aliinamisha macho, na nuru ile ikaanza kumtoka, na hilo ndilo lililomuuma Hosiana kuliko maneno yote.

"Mwinjilisti," akasema mzee wa kwenye kichuguu, "wewe ulikuwa humo majini. Tuambie, kulikuwa na mamba?"

Wote wakamgeukia Tumaini. Alikikunja kile kitambaa, akakikunja tena.

"Alikuwepo," alisema. "Nilimwona."

"Ulimwona lini?" akauliza Hosiana.

"Alipozama. Kabla sijamwita Doreen."

Doreen akasogea, khanga ameishikilia kifuani, akasimama mbele ya mwinjilisti wake.

"Ulimwona," alisema, "halafu ukaniita?"

Macho ya Tumaini yalikuwa mekundu.

"Watu walikuwa wanaimba, Doreen," alisema. "Sikujua namna ya kuwanyamazisha."