Mama Trevor na Kipande Kisicho na Jina

"Umenilia nafasi, Jeptoo! Usinizungushe. Tuligawana nusu kwa nusu, na leo upande wangu umebaki kamstari kekundu, kama mtu anayetokwa na damu puani!"

Mama Trevor alikuwa amesimama katikati ya jikoni, kompyuta ameishika kwa mikono miwili kama sinia la pilau. Jeptoo, ambaye alikuwa ameshavaa sare ya hoteli, hakuinua hata macho kutoka kwenye kikombe chake cha chai.

"Nafasi haijaliwa, Mama Trevor. Imejaa. Windows yako ni nzito, na kila mwezi inaongezeka kilo. Linux yangu haili sana."

"Kwa hivyo mimi ndiye nimeolewa na mlafi?"

"Si ulimchagua mwenyewe? Halafu kuna harusi ya mpwa wako humo ndani. Nakala tatu, na kila moja ni masaa manne."

"Harusi ya Njenga usiitaje!"

Milka, mwenzao wa tatu katika nyumba hiyo, aliyekuwa akikaanga mayai, aligeukia ukutani ili acheke vizuri.

Kompyuta hiyo ilikuwa ya watu wawili. Waliinunua ikiwa imeshatumika, kila mmoja akatoa nusu, na kwa kuwa Jeptoo alikuwa anasomea mambo ya kompyuta jioni, yeye ndiye aliyeigawa. Ghala la ndani, lile linaloitwa diski, akalikata sehemu mbili zilizo sawa. Ukiiwasha inakuuliza unataka kuingia mfumo wa upande gani: Windows ya Mama Trevor au Linux ya Jeptoo. Mama Trevor ndiye aliyesimamia ukataji huo, miwani puani, na akataka kila upande uandikwe jina la mwenyewe. Jeptoo akaandika WAIRIMU, jina halisi la Mama Trevor, huku na JEPTOO kule. Nywila za wote wawili zikabandikwa chini ya kompyuta, kwa sababu Mama Trevor alisema nyumba hii haina siri.

Kugawa ndiyo ilikuwa kazi ya Mama Trevor hasa. Ile ya kulinda geti la jengo refu kule Lusail ilikuwa ya mshahara tu. Katika nyumba yao ya Fereej Bin Mahmoud, hapa Doha, ghorofa ya tatu, hakukuwa na kitu ambacho hajakipigia mstari. Rafu za friji zilikuwa na utepe. Misumari ya bafuni ilikuwa na namba. Hata moto wa jiko ulikuwa na wenyewe, na ukiweka sufuria yako kwa moto wa mwenzako ulipigiwa hodi chumbani kama mwizi. Mlango wa friji ulikuwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono, herufi kubwa: KISICHO NA JINA KINATUPWA IJUMAA. Na kila Ijumaa asubuhi alivaa glavu, akafungua friji, akakagua kama askari wa uwanja wa ndege. Ukisahau kuandika jina juu ya maharagwe yako, umeyaaga.

Ndivyo mursik ya Jeptoo, maziwa ya mgando ya kwao, ilivyopotea mwezi wa kwanza. Mama yake alikuwa ameigandisha kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa inavyotakiwa, akaimimina kwenye chupa, na chupa ikasafirishwa kutoka Iten mpaka Doha katikati ya nguo za mtu. Jeptoo aliiweka kwenye friji Alhamisi akiwa amechoka, akasema ataandika jina kesho. Kesho yake Mama Trevor akatangaza kwamba maziwa ya kijivu yameharibika na ameyamwaga kwenye sinki. Chupa alibaki nayo, akawa anabebea maji kazini. Jeptoo alimwomba aseme pole tu, basi. Mama Trevor akasema sheria haiombi msamaha. Miezi mitano ilikuwa imepita, na hiyo pole ilikuwa bado haijaonekana.

Sasa, huu mstari mwekundu ulikuwa na uzito wake. Mama Trevor alikuwa ameandika kurasa ishirini za ripoti kwa miezi minne, kidole kimoja kimoja, ya kuombea kazi ya chumba cha kamera. Ni kazi ya ndani. Unakaa kwenye kiti, kiyoyozi kinakupuliza, unaangalia skrini, na anayesimama getini kwenye joto ni mtu mwingine. Ripoti ilikuwa imebakiza kurasa mbili, na kompyuta ilikataa kuzihifadhi kwa sababu hakuna pa kuziweka. Siku ya mwisho ya kutuma ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Akikosa, atasimama getini kiangazi kingine kizima.

Angefuta harusi moja, mambo yangekwisha. Lakini mtu akishaamua kwamba ameibiwa, hatafuti kwenye mfuko wake.

Ijumaa asubuhi Jeptoo alienda kazini. Mama Trevor, ambaye siku hiyo alikuwa na mapumziko, alikagua friji, akatupa nusu ya kitunguu cha Milka, akavua glavu, akakaa mbele ya kompyuta. Akaingia upande wa Jeptoo kwa nywila ya chini ya kompyuta. Akafungua ile programu ya kugawa diski, aliyoikumbuka tangu siku ya kugawana.

Akaona WAIRIMU: 119. Akaona JEPTOO: 119. Hapo hakuwa na neno. Ila mwanzoni kabisa, mbele ya WAIRIMU, kulikuwa na kipande kingine. Kimeandikwa 100. Na mahali pa jina palikuwa patupu.

Mchoro ulikionyesha chembamba kama uzi. Lakini Mama Trevor haamini michoro, anaamini namba, na mia moja ni karibu sawa na mia moja na kumi na tisa. Kwamba mbele ya 119 zimeandikwa herufi za giga, na mbele ya ile 100 ni za mega, ambayo ni sawa na punje ya mchele kando ya gunia, hilo halikumgusa. Herufi ni za watoto wa shule.

"Ghala la tatu," akajiambia. "Na limefungwa kwa ufunguo!"

Kweli, kando yake kulikuwa na alama ya ufunguo. Mtu asiyeficha kitu anafunga nini? Akabonyeza huku na huku mpaka ufunguo ukatoka. Akachagua kufuta. Programu ikamwuliza kama ana hakika. Mama Trevor ana hakika tangu azaliwe. Akabonyeza. Kisha akaizima kompyuta na kuiwasha, aone nafasi yake imerudi.

Skrini ikawa nyeusi. Juu kabisa kukaandikwa kwa herufi nyeupe kwamba hakuna kitu cha kuwashia.

Hakukuja swali la upande gani. Hakukuja Windows, hakukuja Linux. Akaizima, akaiwasha. Akaipepea kwa kifuniko cha sufuria, akidhani ina joto. Akashuka kwa fundi wa simu aliye kando ya bakala, lile duka dogo la mtaa, akakuta pamefungwa. Akapanda ngazi polepole. Ilikuwa saa saba, na kurasa zake ishirini zilikuwa mahali ambapo hata yeye hangeweza kuzigongea mlango.

Jeptoo aliingia saa tisa na nusu, viatu mkononi. Alimkuta Mama Trevor amekaa kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea, na kando yake chai imemiminwa tayari. Kwenye kikombe cha Jeptoo. Jeptoo akaogopa.

"Nani amekufa?"

"Kulikuwa na kitu hakina jina," Mama Trevor akaanza.

Jeptoo akaiangalia kompyuta. "Umefuta?"

"Nimesafisha."

"Mama Trevor! Hicho kipande ndicho mlango! Ukiiwasha, inaanzia hapo ndipo ijue kwako ni wapi na kwangu ni wapi. Umeng'oa mlango wa nyumba nzima!"

"Mbona basi hakikuandikwa jina?"

"Kwa sababu ni cha wote!"

Milka alikuwa amefika mlangoni na kijiko chake. "Kumbe tunaweza kuwa na kitu cha wote humu ndani? Na kitunguu changu?"

"Milka, nenda zako," Mama Trevor alisema, lakini bila nguvu. "Jeptoo, mwanangu. Ripoti yangu imekufa?"

Jeptoo akashusha pumzi, akatoa flashi kwenye mkoba wake wa masomo, akaichomeka. Kompyuta ikawaka kwa kutumia flashi, na baada ya muda WAIRIMU ikaonekana, na ndani yake ripoti, kurasa zote ishirini. Mama Trevor akashika kifua.

"Umefuta alama ya mpaka tu, vitu viko palepale," Jeptoo akasema. "Kuna programu inayotafuta palipokuwa na kipande. Imeshakiona. Nikibonyeza hapa, kinarudi." Kidole chake kikasimama juu ya kitufe. "Lakini kwanza niambie. Ile chupa yangu. Ilikuwa taka?"

Mama Trevor akaangalia saa ya ukutani. Saa kumi na robo.

"Haikuwa taka."

"Ilikuwa nini?"

"Ilikuwa ya mama yako."

"Na ukaimwaga."

Mama Trevor akaanza kulinyoosha pindo la kitambaa cha meza.

"Sikuimwaga," akasema. "Niliinywa."

Kijiko cha Milka kilianguka sakafuni.

"Yote?" Jeptoo akauliza.

"Nilianza kwa kuonja, nijue kama imeharibika. Ilikuwa na mkaa mzuri. Pole, Jeptoo. Nilikula cha mtu halafu nikajificha nyuma ya karatasi ya friji. Pole."

Jeptoo, mdomo ukimcheza, akabonyeza. "Mama yangu atafurahi kusikia mkaa ulikuwa mzuri. Lakini bado una chupa yangu."

Kompyuta ilipowashwa tena, iliuliza upande gani. Mama Trevor alichagua Windows, akafuta harusi mbili kati ya tatu bila kuambiwa, akaandika kurasa mbili za mwisho, na ripoti ikaondoka saa kumi na mbili kasoro dakika tisa. Mwezi uliofuata akapewa kiti cha chumba cha kamera. Wiki ya kwanza alibandika karatasi yenye jina juu ya kila skrini, na wenzake wakaanza kumkimbia kama alivyokimbiwa nyumbani.

Lakini kabla ya hapo, Chebet, mlinzi mwenzake wa getini, alikuwa amekwenda likizo kwao Eldoret akiwa ameagizwa mursik, na aliporudi Mama Trevor alimfuata kwa basi mpaka makazi ya walinzi, mwendo wa saa nzima. Alirudi na chupa imefungwa ndani ya sweta tatu. Ilikuwa ile ile chupa aliyobebea maji, imesuguliwa, imejaa. Juu yake amebandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: JEPTOO. MURSIK. USIGUSE.

Jeptoo alifungua kifuniko, akanusa, akanywa mfuniko mmoja. Akatikisa kichwa kidogo.

"Si kama ya mama. Lakini khalas, Mama Trevor. Hunidai, sikudai."

Halafu akabandua ile karatasi ya jina, akaikunjakunja, akaitupa, na kuiweka chupa kwenye friji ikiwa uchi, rafu ya juu.

Ijumaa, Mama Trevor alivaa glavu kama kawaida. Jeptoo na Milka walikuwa wamesimama mlangoni, wamekunja mikono. Akaitoa chupa. Akaifuta chini kwa kitambaa, akafuta na rafu, akairudisha palepale, na akafunga mlango wa friji.

"Mnaangalia nini?" akasema. "Leteni vikombe."

Jeptoo akaleta vitatu.