Kura ya Igwata Nyumbani kwa Nyamizi

Nyamizi alikuwa mjane wa mtu asiye na kaburi. Mumewe, Bujiku, aliondoka alfajiri moja ya masika pamoja na kaka yake Mihayo, kwenda kumwambia mtemi wa Bukungwa, ng'ambo ya mto, kwamba watu wa Igwata, nchi yao ndogo jirani na Rwamgasa, hawataki kuunganishwa naye. Mihayo alirudi peke yake, nguo zikichuruzika maji. Alisema mto umemchukua mdogo wake. Walitafuta mpaka mafuriko yakapungua, wasipate hata shuka lake. Muungano ukapita, na haukupita muda Mihayo akafanywa mwanangwa, mkuu wa kijiji.

Tangu hapo Nyamizi hakulala tena chumba cha mbele. Siku nyingine alisikia mtu akikohoa humo, kikohozi kile cha vumbi la machimbo ya dhahabu alichokuwa nacho Bujiku. Akifungua mlango, anakuta ubaridi tu. Akazoea. Akawa anabisha hodi kabla ya kufagia.

Miaka ya hamsini watu wa Igwata walidai kujitoa katika muungano, na serikali ikatoa masharti: mto uwe mpaka, josho na zahanati vibaki Bukungwa, kila familia ichague ng'ambo ya kuishi kabla ya kupanda. Walipa kodi wangepiga kura kuyakubali au kuyakataa. Nyumba ya Nyamizi ilikuwa kandokando ya mto, na mjane hakuhesabiwa kuwa na upande. Karani wa wilaya akaichagua iwe ya kupigia kura.

"Mama Melania, tunakuazima kile chumba cha mbele," alisema Mihayo.

"Kina mwenyewe, shemeji."

Mihayo akatazama pembeni.

Viliwekwa vibuyu viwili, cha shingo ndefu cha kukubali, cha shingo fupi cha kukataa. Kila mwanamume alipewa punje ya hindi, akaingia peke yake. Wanawake hawakupiga kura. Nyamizi aliambiwa ampikie karani uji, naye akainama jikoni, nyuma ya ukuta wa matete.

Alitegemea kusikia punje zikianguka. Akasikia sauti.

"Bujiku, tunajitoa," alinong'ona Januari, fundi seremala. "Wewe ndiye uliyeanza."

Mwingine alisema, "Usinikasirikie, ndugu yangu. Mke wangu ana mimba, na zahanati iko kule." Hakuna aliyekuwa amewaagiza waseme lolote. Uji ukaungua.

Kisha akaingia Mihayo. Nyamizi alimjua kwa kuvuta mguu.

"Nilikuona umeshika mzizi," alisema. "Ulininyooshea mkono. Marehemu mtemi alikwisha kuniahidi uwanangwa kama ujumbe wako hautafika, nami nikautazama mkono wako mpaka ukazama. Leo nakurudishia nchi yako. Niache nilale."

Punje ikaanguka. Mguu ukaburuzwa hadi nje. Kabla mwingine hajaingia, mle chumbani mtu akakohoa.

Nyamizi alikaa chini kwenye majivu.

Masharti yalikubaliwa. Vigelegele vilipigwa, Mihayo akabebwa juu juu. Ndiye atakayeiongoza Igwata mpya. Alipoteremshwa alimfuata Nyamizi, jasho likimtoka.

"Shemeji, mumeo ameshinda."

"Nilikuwa nyuma ya matete, Mihayo."

Hakuwahi kumwita hivyo, jina tupu. Watu wakamvuta Mihayo kwenye pombe.

Ulipofika wakati wa kuchagua upande, Nyamizi alichagua Bukungwa, kwa binti yake Melania aliyeolewa kule. Wanawake wa Igwata walimwita msaliti, mmoja akatema mate. Hakujitetea. Angesema, nchi ingeanza kwa damu, na nchi hiyo ndiyo Bujiku aliyoifia.

Alibisha hodi chumba cha mbele mara ya mwisho.

"Ulichotaka umepata," alisema. "Lakini mimi siwezi kutawaliwa na yule. Nisamehe."

Alingoja sana. Hakuna aliyekohoa. Akauacha mlango wazi, akavuka.

Mvua za kwanza zilimkuta akipanda mihogo shambani kwa Melania. Binti alimuuliza kwa nini hakubaki kwao, wakati kila mtu wa huko alikuwa akilitaja jina la baba.

Nyamizi aliendelea kufukia pingili.

"Huku naweza kumwamkia mwanangwa," alisema.

Melania alidhani mama anatania, akacheka.