Mkono wa Kushoto wa Mzee

Mimi ni mwoga, na kazi niliyopewa ilitaka mtu jasiri. Katika ofisi ya avoka, wakili mmoja pale Kamembe mpakani mwa Congo, juu ya duka la vitenge, kila mteja mpya nilimtafuta kwanza kwenye orodha ya vikwazo, ile ya watu waliofungiwa mali zao duniani kote. Jina likionekana humo, unasimamisha kazi, unatoa taarifa kwa wakubwa, na mteja mwenyewe humwambii neno. Miaka miwili halikuonekana hata moja, nikazoea kutafuta huku nakunywa chai.

Asubuhi moja ya mvua akaingia mzee kutoka Mururu. Bisi yake ya kwenda Kigali ilibakiza saa moja iondoke, na kesho yake angepasuliwa tumbo. Alitaka kwanza kumwandikia mke wake shamba, maana hawakufunga ndoa ya serikali.

"Nikikufa, bandugu yangu batamufukuza," alisema. "Batoto hatukupata. Andika mbio, Maman."

Nikaandika jina lake kwenye kompyuta, na likatokea katika orodha. Majina yote mawili, kuzaliwa Bukavu, tarehe moja Januari, mwaka uleule. Kamanda wa msituni. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja: hana vidole viwili vya mkono wa kushoto. Nikainua macho. Mkono wa kushoto wa mzee ulikuwa ndani ya koti. Hata aliponisalimu hakuutoa kuushikilia ule wa kulia, na kwetu hakuna mzee anayesahau heshima hiyo. Dalili ya mvua ni mawingu, nikajisemea.

Nikampigia avoka. Alikuwa mahakamani, simu imezimwa.

"Masheni inaenda pole, Mzee," nikadanganya.

Alitazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa naogopa kwa pande mbili. Kama ni yeye, ameshaijua sura yangu, na kwetu Nzahaha si mbali. Kama si yeye, nikamrudisha, kuna mama atakayelala nje kwa sababu yangu.

Hapo ndipo nikakumbuka kisanduku cha wino. Wasiojua kuandika, kama yeye, hutia dole gumba, na siku zote ni la kulia.

"Leo tunatia la kushoto, Mzee."

"Ile ya kuume iko na shida gani?"

"Leo ni la kushoto tu."

Akaitazama tena saa ya ukutani. Kisha akautoa mkono, umefungwa kitambaa, akaanza kukifungua taratibu. Nilihesabu kwa macho. Vidole vitano, ngozi yake imekunjamana kwa moto wa zamani.

"Nafichaka juu inaogopeshaka bantu," alisema. "Umekuta jina yangu kwa liste, kama bale bengine, ao?"

Nikakigeuza kioo cha kompyuta upande wangu.

"Ule muntu namujua. Tuko na jina moja. Njo ule alituchomea nyumba."

Kitambulisho changu kilikuwa mezani, nimekitoa ili nisaini kama shahidi. Nacho kiliandikwa tarehe moja Januari. Nusu yetu tuliokulia Congo tulizaliwa siku hiyo, kwa kuwa karani wa wakimbizi hakuwa na subira ya kuuliza. Nililijua hilo tangu utoto, ila woga ulinisahaulisha. Nikaona aibu.

Avoka alipopiga, nikamsomea ule mstari wa vidole na kumwambia mzee anavyo vyote vitano. "Basi si yeye, muandikie," akasema, akaja mwenyewe mbio na mhuri. Dole la kushoto liliacha doa tu, bila mistari. Tukatumia la kulia.

Mzee akaikunja karatasi ya mke wake, akaitia kifuani.

"Sasa hauniogope tena?"

"Hapana, Mzee."

Akaninyooshea mkono wa kulia kuniaga, na safari hii ule wa kushoto, uchi, ukaushikilia kwa heshima. Nami, Mungu anisamehe, nilirudi nyuma hatua moja.