Koili ya Nane

Oyoo amekuwa fundi wa stima kiwandani, huku kwenye majani chai, miaka ishirini na saba, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Mota ikiungua yeye hutembea; mameneja ndio hukimbia kwa niaba yake.

Alikimbia mara ya kwanza wiki ile mkewe, Molly, alipotoka hospitali na mashine ya oksijeni ya kuazima. Saa sita mchana nyumba zote nane za laini yao huwasha koili kupika ugali, na ya Oyoo ndiyo ya mwisho kwenye waya. Stima humfikia ikihema kama mtu aliyetembea kutoka Sigor. Mashine ikalia, ikazimika. Midomo ya Molly ikawa ya majivu; Oyoo akakimbia kwa majirani kuomba wazime.

Molly alipopata pumzi tena, koili ziliwashwa kidogo na Oyoo akatoa mita. Mwanzo wa waya, volti 240; kwake, 180. Sitini zimepotelea njiani, na waya umebeba ampea thelathini. Akagawa sitini kwa thelathini: ukinzani wa waya ni omu mbili. Kisha akapima koili moja: volti 240 mara ampea tano, wati 1,200. Mashine ya Molly haifiki hata 400.

"Koili mbili kwa wakati mmoja, basi," aliwaambia majirani. "Ampea kumi mara omu mbili, tunapoteza volti ishirini. Mashine inabaki na 220. Chini ya 215, inalia."

"Kwa hivyo nitakula saa tisa juu ya omu?" aliuliza Bosibori, jirani wa nyumba ya tatu. Lakini ndiye aliyeshika kalamu akaandika zamu, na jina lake akaliweka mwisho.

Siku tatu mita ilisoma 220. Siku ya nne Oyoo akiwa mlangoni, ikashuka: 210. Ndani, mashine ikaanza kulia.

Volti thelathini zimepotea. Gawa kwa mbili, ampea kumi na tano. Gawa kwa tano, koili tatu. Kuna mtu anaiba pumzi ya Molly.

Alikimbia nyumba hadi nyumba, akisogeza kiganja karibu na kila koili kama daktari. Mbili zilikuwa moto, za wenye zamu. Tano zilikuwa baridi.

"Umepima ngapi, mzee?" Bosibori aliuliza.

"Saba."

"Na sisi ni nane." Safari hii hakutania.

Alimkuta Molly kwenye jiko lao la mabati nyuma ya nyumba, bila mpira wa oksijeni puani, ameegemea ukuta, mwiko mkononi. Koili nyekundu.

"Unataka kufa?"

"Nimekupikia miaka thelathini, Baba Ajwang." Alivuta pumzi katikati ya kila neno. "Mmeandika zamu ya kila mtu. Mimi sipo. Unataka nipumue... ili nifanye nini?"

Oyoo aliutwaa mwiko. Alizima koili, akambeba hadi kitandani, akamrudishia mpira. Mita ikapanda, 220. Ndipo akaenda kwa Bosibori, akaomba kalamu.

Kesho yake saa nane, zamu ya Molly, koili yao iliwaka. Mwiko alishika Oyoo. Amri zilitoka chumbani, kupitia dirisha, polepole.

"Ongeza unga."

Akaongeza.

"Bado. Huo ni uji, Baba Ajwang."