Fuvu la Rwambuzi

Fuvu lilitoka kwenye msingi wa nyumba ya jirani yetu, kule Rwambuzi, katika ile miaka tuliyosema vita imekwisha huku kila mtu akilala viatu vyake viko karibu. Jembe lilikuwa limelivunja ubavuni, unene wa mfupa ukaonekana. Ulikuwa mnene kweli. Hapo ndipo upuuzi ulipoanza.

Wanaume wa upande wetu walipitisha kidole kwenye ukingo uliovunjika wakasema huyu ni wetu, mifupa yetu ndiyo minene, basi wale ndio waliomuua. Wa upande wa pili wakapitisha kidole palepale wakasema hapana, wao ndio hubeba mizigo kichwani tangu utotoni, huyu ni wao. Sauti zikapanda. Mtu mmoja akatuma habari Marabo, vijana wenye silaha waje.

Mimi nilifundisha biolojia sekondari, kwa hiyo wakanigeukia. Niliwaambia kwa hasira kwamba unene wa mfupa hautaji kabila. Watu wa kale sana walikuwa na mafuvu manene kuliko yetu, na wataalamu bado wanabishana kwa nini yalipungua. Leo hii, ndugu wa tumbo moja, mmoja ana fuvu nene, mwingine jembamba. Walinisikiliza kama watu wasikilizavyo mvua juu ya bati, kisha wakaendelea.

Ndipo mama akapita katikati yao. Kaka yangu alitoweka kwenye barabara ya kwenda Aveba wakati wa vita, na mama ndiye aliyekuwa akitunyoa tulipokuwa wadogo. Vichwa vyetu alivijua kwa vidole. Akaketi chini, akalipakata fuvu, akalipapasa.

"Ni mutoto yangu," akasema. "Na sitafuti mwenye alimuua. Mukuje tumuzike."

Nani angebishana na mzazi? Vijana wa Marabo walirudishwa njiani. Pande zote mbili zilichimba kaburi. Mama mmoja wa ng'ambo ya barabara, wa upande wa pili, ambaye mwanawe pia hajaonekana mpaka leo, alitoa kitenge chake kufungia mifupa.

"Weye uko na bahati, mama," alimwambia. "Siye tungali tunangojea."

Jioni, akinawa mikono, mama aliniambia kwamba kaka alikuwa na kishimo nyuma ya sikio, tangu alipoanguka na baiskeli. "Hii haina," akasema. Hasira yangu yote ikaniishia, nikaogopa.

Yule mama aliyetoa kitenge huja kila Jumapili baada ya misa, wakapalilia kaburi pamoja, naye humpa mama pole. Siwezi kuwatazama. Juzi alimwomba mama amfundishe namna ya kumtambua mtoto kwa vidole, ili siku wakifukua wake asimkose. Mama aliniita, akaniinamisha, akaiweka mikono ya yule mwanamke kichwani kwangu.